Mswada wa Lindi na mapenzi ya asilimia 97

Mabasi ya kutoka Lindi hupita Mikindani kabla ya kuingia Mtwara mjini, na mimi na konda mmoja tuna makubaliano. Kama hana kitu changu, dereva anapiga honi moja ya salamu na wanapita zao. Kama kuna kitu, zinapigwa mbili, nami natoka barazani na kandambili zangu kuwahi barabarani. Siku moja ya Novemba zilipigwa mbili. Nikapokea bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu kila upande, kana kwamba ndani mna samaki. Mlikuwa na kurasa 214 na kikaratasi: "Shikamoo Mwalimu. Ndiyo ile riwaya. Usinionee huruma."

Sikumwonea huruma. Ila nataka nieleze yaliyotokea tangu siku hiyo, kwa sababu katika miaka yote niliyopitia miswada ya watu sijapata mwingine ulionivunja moyo namna hii: mswada mbaya ulioandikwa na mtu anayejua kuandika. Na sehemu ya ubaya wake niliutia mimi.

Mwandishi ni mwanamke wa Lindi, miaka thelathini na kitu, kazi yake ni maabara. Nilimfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Jina lake silitaji, wala la kitabu, wala ya wahusika. Mswada bado ni mali yake, na ameniruhusu nieleze kwa sharti hilo. Wahusika nitawaita binti, mchumba na mfamasia. Mtanielewa.

Hadithi inakwenda hivi. Gari jeupe linaingia Lindi likiwa na mashine ya kutafutia watu wenza. Unachomwa kidole, tone la damu linaingia kwenye mashine, siku ya tatu simu inalia: jina la ubavu wako, na asilimia mnayolingana. Binti ni karani wa ghala la korosho. Ana mchumba wake, mvuvi wa Kitunda, ng'ambo ya maji, na posa imeshapelekwa. Anapima kwa mzaha, kwa kusukumwa na shoga yake. Ukurasa wa 9 ujumbe unaingia: mwenza wake ni mfamasia wa Newala ambaye hajawahi kumtia machoni, asilimia 97, haijapata kutokea. Kuanzia hapo ni mteremko mtupu. Wanakutana; mfamasia ni mrefu, hacheki ovyo, ananukia karafuu. Mchumba anageuka mlevi. Ndugu wanakasirika, halafu hawakasiriki. Ukurasa wa 170 inagundulika kwamba mhudumu wa mashine mwenye wivu alibadilisha vichupa vya damu, na ile 97 ilikuwa ya watu wengine kabisa. Vilio, mvua, binti anarudi kwa mama yake. Ukurasa wa 201 wanapima upya. Asilimia 96. Harusi.

Asilimia 96! Niliuweka mswada chini nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Niseme mapema kwamba mimi si katika wale wanaozibinulia mdomo riwaya pendwa. Wanafunzi wangu wengi walijifunza kusoma kwa kasi kwa sababu ya hadithi za mapenzi zilizokuwa zikipita chini ya madawati, nami nimezinyang'anya nyingi na kuzisoma zote. Najua msomaji wa hadithi hizi anataka nini. Anajua toka mwanzo kwamba wawili wale watapatana, hilo halimsumbui hata kidogo. Anacholipia ni njia. Anataka kuona mtu anayesema "siwezi" akifika mahali pa kusema "naweza", na aone kwa macho yake ni nini kilichomfikisha.

Nina ugonjwa wa penseli. Kila mhusika anapoamua jambo, jambo lolote, hata kukataa chai, naweka mshale mdogo pembeni. Mswada wenye afya unajaa mishale mpaka unafanana na ramani ya upepo. Huu ulipata mishale saba. Minne ilikuwa ya mchumba, kabla hajafanywa mlevi.

Huyo mchumba nilimpenda, na nadhani mwandishi alimpenda pia, ndiyo maana ilibidi amharibu. Ukurasa wa 15 yuko anashona wavu, uzi ameung'ata kwa meno, binti anamweleza habari za mashine, naye anaendelea kushona, kisha anauliza bila kuinua kichwa: "Na mimi wakinipima, nitatokea na nani?" Sentensi moja, na mtu mzima amesimama mbele yako. Ana woga, ana kiburi, ana akili. Ukurasa wa 48 anapepesuka kwa uraka, pombe ya mabibo ya korosho, na kumtukana mama wa binti. Katikati hakuna kitu. Mwandishi aliona kwamba ikiwa mvuvi huyu atabaki alivyo, binti atalazimika kuchagua, na kuchagua kutaumiza. Akamnywesha mabibo.

Na huyu binti ni karani wa ghala la korosho, jamani! Karani wa ghala anaishi ndani ya vipimo. Gunia linafika kutoka chama cha msingi, linapimwa uzito, linachukuliwa sampuli, unyevu unapimwa, korosho zinapasuliwa kuangaliwa kiini, ndipo inaandikwa daraja la kwanza au la pili na mzigo unatolewa stakabadhi. Kisha mnada. Na mnadani mkulima ana neno lake: Oktoba 2018 wakulima wa huku kusini walizikataa bei za wanunuzi, na Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hayo ni ya mnadani. Nje ya mnada kuna kangomba, mnunuzi wa mlango wa nyuma, anayekuja uani na bakuli ambalo ujazo wake anaujua yeye, na mwenye shida ya pesa za haraka anafumba macho na kukubali. Binti aliyekulia katikati ya hayo yote anatumiwa namba kwenye simu, na katika kurasa 214 haulizi hata mara moja: limetumika bakuli gani?

Hapo ndipo kitabu kilipokufa, kwa maoni yangu. Mashine si tatizo. Ungeweza kuandika hadithi nzuri yenye mashine ya kupima nyota, yenye jini, yenye ndoto ya bibi. Tatizo ni kwamba namba ilipoingia, kila mtu aliacha kuuliza. Hata mjomba wa binti, ambaye kwa asili ya Wamwera, kama ilivyo kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ndiye mwenye neno kwa kuwa ukoo unahesabiwa kwa mama, anaonyeshwa simu na kusema, "Basi, sayansi imesema." Sijamwona mjomba wa namna hiyo. Mjomba ninayemjua mimi angeishika ile simu kwa mbali kama mtu anayeshika chura, angeirudisha, na angeanza upya: wa ukoo gani, mama yake ni nani, na mjomba wake amekuja lini kuongea nami?

Sasa kosa langu. Nilipompigia simu mara ya kwanza sikumwambia lolote kati ya haya. Nilikuwa sijayapanga kichwani, na nilitaka kusema kitu cha haraka kinachofanana na ushauri.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimesoma. Ongeza sayansi. Msomaji haiamini mashine yako."

"Sawa Mwalimu."

Baada ya wiki tatu, honi mbili. Kurasa 11 mpya. Mfamasia amemkalisha binti kwenye mkeka, taa ya kandili inawaka, anamweleza kromosomu. Herufi bilioni tatu. Ngazi iliyosokotwa. Binti anasema "Ooh" mara mbili, nimehesabu. Mapenzi yakafa mara ya pili, safari hii kwa somo la biolojia, na mwuaji ni mimi.

Kwa aibu nikaanza kusoma mwenyewe nione sayansi hiyo inasema nini hasa. Mjukuu wangu aliyeko chuoni alinisaidia kupata makala na kunifafanulia. Nikagundua kwamba mambo ya kweli yalikuwa na hadithi kuliko hadithi yenyewe.

Kwanza, asilimia ya nini? Watu wawili wowote duniani, mimi na mvuvi wa Norway, DNA yetu inafanana kwa takriban asilimia 99.9. Sokwe mtu, kwa hesabu inayotumika sana, anafanana nasi kwa karibu asilimia 99. Ukiichukulia ile 97 kwa neno lake, mfamasia yuko mbali na binti kuliko sokwe.

Hiyo tuiite mzaha. Lakini kuna eneo la vinasaba ambako neno kulingana lina maana ya kweli. Linaitwa HLA, kundi la jeni katika kromosomu ya 6 zinazousaidia mwili kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Daktari anayetaka kumpandikizia mgonjwa uboho hutafuta mtu ambaye HLA yake inalingana na ya mgonjwa, na mahali pa kwanza anapotazama ni kwa ndugu wa baba na mama mmoja, kwa kuwa kila ndugu ana nafasi moja katika nne ya kulingana naye kabisa. Sasa basi. Mtu akikuletea karatasi kwamba damu yako na ya mpenzi wako zimelingana kupita za watu wote, usikimbilie kwa shehe wala kwa padri. Mtafute mjomba, aulizwe marehemu baba alikuwa akisafiri wapi.

Hata utafiti maarufu wa harufu hausaidii mashine. Mwaka 1995 Claus Wedekind na wenzake huko Bern, Uswisi, waliwapa wanaume 44 fulana za kulalia siku mbili, kisha wanawake 49 wakazinusa. Kwa jumla walipendezwa zaidi na harufu za wanaume ambao jeni zao za HLA hazikufanana na zao wenyewe. Waliokuwa wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango wakaelekea upande wa pili. Tafiti zilizofuata zimetoa majibu yanayovutana. Ila hata ukiuamini ule wa Bern neno kwa neno, unasifia tofauti, hausifii kulingana. Tena unazungumzia fulana. Kutoka fulana hadi ndoa kuna mwendo.

Jambo lililonifanya nisimame barazani na karatasi mkononi ni jingine. Mwaka 2014 tovuti ya wachumba ya Marekani, OkCupid, ilieleza hadharani kwamba iliwachukua watu ambao hesabu zake zilionyesha wanalingana kwa asilimia 30 tu, ikawaambia wanalingana kwa 90. Waliodanganywa wakaandikiana zaidi, mazungumzo yao yakaenda mbali zaidi. Namba ya uongo ilifanya kazi ya kweli. Watu waliambiwa wanafaana, wakajitahidi kufaana. Miaka mitatu baadaye Samantha Joel, Paul Eastwick na Eli Finkel walichukua watu, wakawauliza maswali zaidi ya 100 kuhusu tabia zao na wanachotaka kwa mwenza, wakawakutanisha dakika nne nne, kisha wakaipa kompyuta majibu yote itabiri. Kompyuta iliweza kwa kiasi kusema nani kwa kawaida hupendwa na wengi, na nani kwa kawaida huwapenda wengi. Iliposhindwa ni pale pale tunapopataka: huyu na huyu.

Soma hayo, kisha rudi kwenye mswada. Ukurasa wa 170 vichupa vimebainika kuchanganywa. Binti na mfamasia wamependana kwa miezi kwa sababu ya namba ambayo haikuwa yao. Namba imeondolewa. Mapenzi yamebaki, au hayakubaki? Nani atasema? Kuanzia hapo hadi ukurasa wa 201 riwaya ilikuwa na pumzi. Kuna mahali binti anaitazama simu iliyozimwa na kujiuliza kama lile tabasamu la mfamasia siku ya kwanza alilipenda yeye au aliambiwa alipende. Mshale mmoja kati ya ile saba uko hapo. Kurasa 31! Halafu mwandishi akashikwa na hofu, akawarudisha kwenye mashine, mashine ikasema 96, na kila mtu akashusha pumzi. Swali lile lile lililokuwa limempa kitabu akalirudisha dukani likiwa bado na bei yake.

Nikampigia tena.

"Mwanangu, mashine yako ni kangomba."

Akacheka. "Najua, Mwalimu. Kitaalamu asilimia 97 haina maana yoyote. Mimi ni mtu wa maabara."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Nilidhani wasomaji hawajali."

Nikanyamaza, naye akanyamaza. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelizungushia penseli nyekundu na kulisahau. Sura ya tatu, binti na mfamasia wanakaa ufukweni Lindi na glasi za kapuchino, wanalitazama jua likizama baharini.

"Jua la Lindi linazama wapi?"

"Nyuma, Mwalimu. Kule mlimani."

"Na baharini?"

"Baharini linachomoza. Upande wa Kitunda."

"Sasa hili lako linalozama baharini umelitoa wapi?"

Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani salio limekwisha. "Nadhani nimelisoma mahali," akasema.

Msinielewe vibaya, kosa la jua ni dogo, mhariri yeyote angelifuta kwa mstari mmoja. Lakini mtu aliyezaliwa Lindi, aliyeona jua likitoka ng'ambo ya maji kila siku ya maisha yake akienda shule, aliugeuza mji mzima ili ufanane na kitabu cha mtu mwingine. Na kama aliweza kuligeuza jua, mchumba kugeuzwa mlevi ni kazi ndogo. Nilianza kuyatilia shaka yote: karafuu, mvua ya ukurasa wa 178 (mwezi wa nane!), ule "Ooh".

Nikarudi kuusoma mswada mara ya tatu, safari hii nikitafuta kitu kimoja tu: mahali ambapo hakusoma popote. Nilipata mahali pawili. Pa kwanza ni mvuvi na wavu wake. Pa pili ni ukurasa wa 112.

Ukurasa huo si wa hadithi, kwa maana kwamba ungeung'oa hakuna kinachodondoka. Binti amemsindikiza shoga yake hospitali. Wamekaa kwenye benchi nje ya maabara. Mlango unafunguliwa, wanatoka mwanamume na mwanamke vijana, kila mmoja na kikaratasi chake. Mwanamke anasoma cha kwake, anasoma cha mwenzake, anauliza: "AS na AS. Si tumefanana?" Mwanamume hajibu. Anakikunja kikaratasi mara moja, mara ya pili, mara ya nne, mpaka kimekuwa kama kipande cha sabuni ya hotelini, anakitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Wanaondoka. Shoga anaitwa ndani. Mwisho.

Nilipomaliza kusoma hapo nilimpigia mke wangu mayowe alete miwani mingine, kana kwamba tatizo lilikuwa miwani. Huku kwetu ipo tayari riwaya ya damu mbili na karatasi, na inasomwa kila wiki nje ya maabara. "Si tumefanana?" Ndiyo, mmefanana. Ndiyo shida.

Januari nilipanda basi la konda yule yule kwenda Lindi. Tulikaa kwenye genge la mama mmoja karibu na bahari, chai ya rangi na ming'oko ya kuchemsha, jua likiwa, namshukuru Mungu, mgongoni kwetu. Nikaufungua ukurasa wa 112 mezani.

"Huu umeutoa wapi?"

"Dirishani kwangu," akasema. "Si watu fulani. Ni wengi, nimewachanganya."

Akanionyesha kipimo chenyewe kinavyofanyika, kwa vidole. Tone la damu kwenye kioo. Tone la metabisulfaiti, dawa ya kumaliza oksijeni, juu yake. Unafunika na kioo chembamba, hewa isipenye, unasubiri. Oksijeni ikiisha, seli zenye himoglobini S zinajikunja, unaziona kwenye hadubini zimepinda kama mundu, na ndilo jina lenyewe la ugonjwa huo wa damu wa kurithi, selimundu, ingawa pale dirishani kila mtu anasema sikoseli. Alichovya kidole kwenye chai, akadondosha tone kwenye sahani, akalifunika kwa kifuniko cha chupa ya maji. "Tunangoja," akasema, na kweli tukangoja, watu wazima wawili tunakitazama kifuniko.

Akaniambia kipimo hicho kinasema ipo au haipo tu; kumtenganisha aliyebeba na aliye mgonjwa kunahitaji kingine, elektroforesisi. AS, mwenye kinasaba kimoja cha kawaida na kimoja cha S, ni mbebaji, mzima wa afya, na kubeba huko kunampa kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana ukanda wa mbu kama wetu una wabebaji wengi. AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto SS, mgonjwa. Mbili katika nne za mbebaji kama wao. Moja ya mtoto asiye nayo kabisa. Kila mimba, alikazia, akigonga meza. Wapo wanaokuja kumwambia, "Tumeshampata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama." Haihesabiwi hivyo. Kila mimba ni kete mpya.

"Na wao wanafanyaje?"

"Wengine wanaachana. Wengine wanaoana. Wengine wananiomba nirudie kipimo, labda nimekosea."

"Kama binti wako ukurasa wa 201."

Alinitazama, kisha akatazama majini. Boti ya Kitunda ilikuwa inajaza watu, mwanamke mmoja akipitishwa kitanda cha chuma juu ya vichwa vya wenzake. Sikuongeza neno. Kuna nyakati mwalimu anatakiwa amenye ming'oko na anyamaze.

"Mwalimu, nikiandika hao, hawamalizii kwa harusi," akasema hatimaye. "Mimi nauza sehemu kwa sehemu kwenye WhatsApp, mia tano mia tano. Wakihisi wataachana, sehemu ya 20 hawanunui."

Hoja ya kweli, na sikuwa na jibu zuri. Mtu mwenye pensheni kumfundisha mwenye kuuza kwa mia tano asijali mauzo ni utovu wa adabu. Nilichomwambia ni kwamba wengine wanaoana, kasema mwenyewe. Kwamba wawili wanaojua moja katika nne na bado wanakaa chini kuzungumza, na mshenga anakwenda na kurudi, na mjomba anauliza lile swali la wazee, "Ukoo wao watoto wanakaa?", swali lililokuwepo kabla ya hadubini kufika Lindi, hao wana mapenzi ya kutosha sehemu 60. Na kwamba kwa Kiswahili tunamwita mwenza ubavu, basi na tukumbuke ubavu unatolewa kwa kupasua. Hili la mwisho lilikuwa la kujionyesha, nikaliona linapita juu ya kichwa chake na kuangukia baharini.

Akaniuliza kama aiondoe mashine. Nilisema ndiyo. Akasema hapana, mashine inabaki.

Nilikasirika njia nzima, kuanzia pale njia panda ya Mnazi Mmoja hadi nyumbani. Nilijiambia nimekwenda bure na kurudi bure, na binti atakufa na kapuchino yake.

Machi, honi mbili. Kurasa 40 tu, mwanzo mpya. Mashine ipo, na nakiri alikuwa na haki nami sikuwa nayo. Ukurasa wa 9 ujumbe unaingia, asilimia 97 vile vile, ila mwenza aliyetajwa ni mvuvi, yule yule wa Kitunda, aliyepima kwa siri kwa sababu hakutaka kubaki bila jibu la swali lake. Mfamasia hayupo; karafuu zimeondoka naye. Furaha inajaa nyumba mbili. Ndipo mvuvi, mtu wa kuhakikisha fundo mara mbili, anasema twende na hospitali basi, tumalize. Wanatoka na AS na AS. Mvuvi anakunja kikaratasi mara nne. Mishale pembeni, kwa kurasa 40, nimeweka 23.

Haijawa kamili. Sura ya pili ina maneno mengi mno, shoga anachekesha kwa nguvu, na mvua bado inanyesha mwezi wa nane, nimemwandikia. Lakini ukurasa wa 40 mjomba amekaa kwenye kigoda, amewekewa mezani karatasi mbili, ya gari jeupe yenye 97 na ya hospitali. Haulizi sayansi imesema nini. Anazitazama, anaiweka moja juu ya nyingine, anazitenganisha tena, anawaambia vijana: "Damu si ni moja? Mbona karatasi mbili?" Kisha anavua kofia na kuomba maji ya kunywa. Kurasa zinaishia hapo.

Ukurasa wa 41 nausubiri. Jana basi limepita saa nne na robo. Honi moja.